Dume asiye na pembe naye ni baba

Ukigeuza mavi ya ng'ombe ya jana, yale yameshakauka juu ila ndani bado mabichi, utawakuta dundu weusi wadogo wanahangaika kurudi gizani, wengi wao hawafiki hata ukucha wa kidole kidogo, na ukiwaangalia kwa utulivu utaona wengine wana pembe kichwani na wengine hawana kabisa. Huku Pongwe, nje kidogo ya Tanga mjini, watu wengi tunafuga ng'ombe wa maziwa kwaiyo hawa wadudu hatuwatafuti, wapo tu, na kila niliyemuuliza jibu ni lilelile, mwenye pembe dume, asiye na pembe jike. Mjomba wangu kafuga miaka mingi, nae alinijibu hivohivo bila hata kugeuka, anaendelea kukamua.

Sasa ukiwa na lensi ndogo, hata ile ya wazee ya kusomea, wageuze chali uangalie mwisho wa tumbo. Kwa jike pingili ya mwisho ni pana kutoka upande mmoja mpaka mwingine, kwa dume imebanwa pale katikati. Wapange wasio na pembe wote kwenye kifuniko cha ndoo uwaangalie mmojammoja, utakuta kati yao wamo wenye pingili iliyobanwa. Hao ni madume. Madume kamili, wa aina ileile moja na wale wenye pembe, sio watoto wala sio wagonjwa, maana dundu akishatoka ardhini na mabawa yake haongezeki tena, alivyo ndivyo atakavyokufa. Nilimpa mjomba lensi akaangalia muda mrefu, afu akauliza, "Sasa huyu, mbele ya wenye pembe, anapataje mke?"

Swali zuri sana hilo, na watu wamelifanyia kazi miaka mingi.

Dundu wengi wa aina hii wapo kwenye kundi linaitwa Onthophagus, kundi kubwa mno, aina zake zinapita 2000 dunia nzima na Afrika tunao kwa wingi. Hawa sio wale wanaoviringisha tonge la mavi barabarani, hawa wanachimba palepale chini ya mavi. Jike anachimba shimo, anashusha mavi kidogokidogo, kule chini anayafinyanga tonge, anataga yai moja, anaziba, anaanza tonge jingine. Dume mwenye pembe anakaa ndani ya shimo karibu na mlango, miguu kaikaza ukutani, na dume yeyote akija wanasukumana kwa pembe mpaka mmoja akubali. Anaeshinda ndio anabaki na jike. Kwa muda mrefu watu waliishia hapo, wakaona hadithi imekamilika, pembe zipo kwa ajili ya kugombania shimo.

Alafu miaka ya 1990 akaja Douglas Emlen, Mmarekani, akawa anawaangalia dundu wa Panama, kile kisiwa cha Barro Colorado, wanaokula mavi ya nyani wa kule. Akawaweka nyuma ya vioo ili mashimo yaonekane kwa ubavu. Akamwona asiye na pembe anafanya nini. Haendi mlangoni. Anasogea pembeni kidogo, anachimba shimo lake mwenyewe kwenda chini, akifika kina fulani anakata kona anatokea kwenye shimo la jike, chini ya yule mlinzi. Anapanda jike, anatoka kulekule alikotokea. Mlinzi yuko juu pembe zake zimeelekea mlangoni anasubiri adui. Na kama mlinzi yuko busy anapigana, huyu mdogo anaweza hata kupita mlango huohuo, maana hana pembe za kukwama ukutani, anakimbia ndani ya shimo kwa wepesi ambao mwenzie hana.

Kinachoamua nani awe na pembe kwenye wadudu hawa ni chakula. Tonge alilofinyangiwa na mama lilikuwa kubwa au dogo, mavi yalikuwa mazuri au makavu yameisha utamu. Funza akila akashiba akafika ukubwa fulani, homoni zinafunguka pembe zinaota. Asipofika, pembe hazioti, au zinabaki vijinundu. Katikati wapo wachache sana. Kwaiyo ndugu wawili, baba mmoja mama mmoja, mmoja anatoka na pembe mwingine hana, na kila mmoja anatoka ardhini anajua lake, mwenye pembe anaenda kulinda, asiye na pembe anaenda kuchimba pembeni, hakuna aliyemfundisha.

Na pembe sio za bure. Mwili una akiba yake, ukiweka huku unapunguza kule. Emlen alionyesha mwaka 2001 kwamba aina ambazo pembe inaota nyuma ya kichwa karibu na macho, macho yanakuwa madogo, zile pembe inaota mbele, vipapasio ndio vinapungua, na inapoota kifuani mabawa ndio yanaumia. Mdudu wa usiku kupungukiwa macho sio jambo dogo. Yule asiye na pembe hajatumia akiba hiyo, na kwenye baadhi ya aina korodani zake ni kubwa kuliko za mlinzi ukilinganisha na mwili, kwa sababu yeye anajua, au tuseme mwili wake umeumbwa hivyo, kwamba mbegu zake lazima zikutane na za mwenzie ndani ya jike yuleyule. Geoff Parker wa Uingereza aliliandika wazo hilo tangu 1970, kwamba madume wanashindana hata baada ya kupanda, mbegu kwa mbegu, ndani kabisa ambako pembe hazifiki.

Shuleni tulijengewa picha ya mwenye nguvu mpishe. Simba mwenye manyoya mengi, jogoo mkubwa wa boma, beberu, basi, mkubwa anazaa mdogo anakosa, na vizazi vinavyofuata vyote ni vya wakubwa. Mimi naona picha hiyo imewanyima watoto wengi kitu kizuri zaidi. Maana kama ingekuwa hivyo tu, dundu wasio na pembe wangeisha zamani sana. Hawajaisha. Wapo chini ya ng'ombe wa mjomba leo hii.

Hesabu yake iko hivi, na ukiielewa hii umeelewa karibu kila kitu kwenye mada hii. Chukua mahali ambapo madume wote ni walinzi. Kila mtu kajipanga mlangoni, nguvu zote zimeenda kwenye pembe, nyuma kuko wazi kabisa. Hapo akitokea mmoja anaepita nyuma anapata sana. Watoto wake wanakuwa wengi, wapita nyuma wanaongezeka. Wakishakuwa wengi mno wanaanza kukutana wao kwa wao, kila shimo lina wageni watano, hakuna tena faida, na sasa yule mmoja anaeweza kukaa akalinda shimo moja vizuri ndio anafaidi. Njia inalipa ikiwa na wachache, ikijaa watu faida inashuka. John Maynard Smith na George Price walilipa wazo la namna hiyo msingi wa kihesabu mwaka 1973, na tangu hapo watu wameacha kuuliza dume gani ni bora, wanauliza bora kati ya wangapi wa aina gani.

Mfano safi kuliko yote ni mijusi wa California, Uta stansburiana, ambao Barry Sinervo na Curt Lively waliwaandikia mwaka 1996. Madume wana koo za rangi tatu. Wa rangi ya machungwa ni wakali wana eneo kubwa na majike wengi. Wa bluu wana eneo dogo na wanamganda jike wao hawamwachi. Wa njano hawana eneo kabisa, koo lao linafanana na la jike, wanapita kimyakimya. Wa njano anamshinda wa machungwa kwa sababu yule ana eneo kubwa hawezi kuangalia kote. Wa bluu anamshinda wa njano kwa sababu hatoki pembeni ya jike. Wa machungwa anamshinda wa bluu kwa mabavu. Kwaiyo kila baada ya miaka michache rangi inayoongoza inabadilika, inazunguka, hakuna mshindi wa moja kwa moja na hatakuwepo. Na kwa mijusi hawa rangi inatoka kwenye jeni, sio chakula kama kwa dundu.

Nyenje sasa. Kipindi cha mvua huku usiku hulali, wanaimba mpaka unaona kama ukuta ndio unaimba. Anaeimba ni dume, anasugua mabawa yake, anaita jike. Lakini sio madume wote wanaoimba, wengine wanakaa jirani na mwimbaji, kimya, jike akija kufuata sauti wanamkatiza njiani. Kwanini mtu aache kuimba wakati kuimba ndio kunaleta jike? William Cade alipata sababu moja nzito Texas, akaitoa 1975. Kuna nzi anaitwa Ormia ochracea, nae anasikiliza. Nzi jike akisikia nyenje anaimba anafuata sauti hiyohiyo, anamwachia vifunza vidogo, vinaingia ndani ya mwili wa nyenje vinamla akiwa hai, na baada ya kama wiki moja vinatoka na mwimbaji anakufa. Kwaiyo kila wimbo unaita mke na kifo kwa pamoja. Ukikaa kimya unapata wachache ila unaishi.

Na kisiwa cha Kauai, Hawaii, jambo hilo lilienda mbali mpaka mimi nikisoma huwa narudia tena. Nyenje wa kule na huyo nzi wote ni wageni kwenye visiwa, mmoja katoka upande huu wa bahari mwingine upande ule, wakakutana hapo. Marlene Zuk na wenzake walikuwa wanaenda kila mara, wakaona sauti zinapungua mwaka hadi mwaka, wakadhani nyenje wanaisha. Mwaka 2003 wakawasha taa wakaangalia chini, nyenje wamejaa. Kimya. Madume wengi mabawa yao yamekuwa laini kama ya jike, zile sehemu za kusugua hazipo, hata wakitaka kuimba hawawezi. Badiliko dogo tu la jeni lilitokea likasambaa kwa vizazi visivyofika 20, mpaka madume kama 9 kwa 10 hawana sauti. Walivyoendelea kuzaa ni kwa kujikusanya karibu na wale wachache waliobaki wanaimba. Yani njia ya kukaa kimya karibu na mwimbaji ilikuwepo tayari toka zamani kama njia ya pembeni, na siku hali ilipobadilika hiyo njia ya pembeni ndio ikaokoa kizazi kizima. Hapo ndio naposema hawa wadogo na wakimya sio mabaki ya uzazi. Ni akiba.

(Nyigu wa tini nawapitia haraka ila mikuyu tunayo, ukipata tunda la mkuyu likakaribia kuiva lipasue taratibu. Kwenye aina nyingi za nyigu wanaoishi humo, madume hawana mabawa, wanazaliwa humo, wanapanda humo, wanafia humo. Kwenye baadhi wapo madume wa namna mbili, wasio na mabawa wenye mataya makubwa wanaokatana vichwa gizani ndani ya tunda, na wenye mabawa wasiopigana kabisa, wanatoka nje wakasubiri majike ambao hawakupandwa ndani. Mama mmoja, maisha mawili tofauti kabisa.)

Kuna ndege ambae anatuhusu moja kwa moja ila watu wanampita tu, Calidris pugnax, ndege wa matopeni wa rangi ya kahawia hivi, miguu mirefu, anakuja Afrika Mashariki kwa wingi miezi ya baridi ya Ulaya, anakaa kwenye mabwawa, mashamba ya mpunga, mashamba ya chumvi, anachokonoa matope siku nzima. Ukimwona huku huna cha kusema, hana urembo wowote. Urembo anauvaa akirudi kaskazini, Ulaya na Urusi, mwezi wa tano wa sita, dume anaota manyoya makubwa shingoni na madume wanakusanyika uwanja mmoja kila mmoja na kijisehemu chake wanatamba, majike wanakuja kuchagua.

Pale uwanjani kuna madume wa namna tatu. Wa kwanza ndio wengi, manyoya meusi au ya kahawia, wenye viwanja, wanapigana. Wa pili wana manyoya meupe, hawana kiwanja, wanakaribishwa kwenye kiwanja cha wa kwanza na wanacheza nae pamoja, kwa sababu majike wanavutiwa zaidi na kiwanja chenye wawili, hapo mwenyeji anavumilia kwamba mgeni nae atapata nafasi. Wa tatu ni wachache sana, hata mmoja kwa mia hafiki, na hawakujulikana mpaka 2006 pale Waholanzi Joop Jukema na Theunis Piersma walipotangaza. Huyo wa tatu anafanana na jike. Hana manyoya ya shingo, umbo ni la katikati, anatembea uwanjani na hakuna anaemgombeza, na korodani zake ni kubwa kama mara mbili na nusu ya za wale wapiganaji. Miaka yote hiyo watu wazima wenye darubini, Ulaya nzima, walikuwa wanamwandika jike.

Kilichonishangaza zaidi ni kilichokuja 2016. Timu mbili tofauti zikasoma jeni za ndege huyu zikakuta tofauti zote hizo, manyoya, ukali, umbo, homoni, zimefungwa kwenye kipande kimoja cha kromosomu, ule uzi unaobeba jeni, ambacho kiligeuka juu chini karibu miaka milioni 3.8 iliyopita. Kipande kikishageuka hakichanganyiki tena vizuri na mwenzie, kwaiyo jeni zake zote zinasafiri pamoja kama furushi, mzazi kwa mtoto. Na ukirithi mafurushi mawili, la baba na la mama, unakufa kabla hujazaliwa. Furushi linaua likiwa mawili, na bado limedumu miaka milioni kadhaa. Hebu fikiria lazima linawalipa kiasi gani wanaolibeba moja. Mtu akiniambia dume anaefanana na jike ni kasoro ya asili namwambia asome habari za ndege huyu kwanza.

Baharini ndio kwetu zaidi. Ule mfupa mweupe mwepesi watoto wanauokota ufukweni Raskazone na Sahare ni wa dome, yule ngisi mnene. Dome anabadilisha rangi ya ngozi kwa sekunde, kila mvuvi anajua. Kusini mwa Australia, karibu na mji wa Whyalla, kila mwaka dome wakubwa wa Sepia apama wanakusanyika kwa maelfu kuzaa, madume ni wengi kuliko majike, na dume kubwa anamfunika jike wake kwa mwili asiibiwe. Dume mdogo anafanya nini, anaficha ile mikono yake ya kiume, anavaa madoa ya jike, anajikunja kama jike anaetaka kutaga, anasogea. Mkubwa anamwona jike mwingine kaja, anafurahi. Roger Hanlon na wenzake waliandika hiyo 2005 na walipima mpaka mayai, watoto wa huyo mdogo wamo. Aina nyingine ya Australia, Sepia plangon, imeripotiwa 2012, dume anakaa katikati ya jike na dume mwingine, upande wa jike ngozi yake inaonyesha rangi za kutongoza, upande wa dume mwenzie inaonyesha rangi za jike. Mwili mmoja, habari mbili kwa wakati mmoja. Tukiwakaanga na ndimu pale jioni tukumbuke nani tunamla.

Na ziwa Tanganyika, ziwa letu, kuna samaki anaitwa Lamprologus callipterus. Dume mkubwa anakusanya magamba ya konokono matupu, anayabeba kwa mdomo moja moja anatengeneza rundo, na majike wanaingia kila mmoja gamba lake kutaga. Kwa sababu jike lazima aenee ndani ya gamba na dume lazima aweze kulibeba, dume ana uzito kama mara 12 ya jike, tofauti kubwa mno. Kumbe wapo na madume vibeti, uzito wao haufiki hata asilimia 3 ya mkubwa, hawa wanajipenyeza pembeni ya jike mpaka ncha ya ndani kabisa ya gamba na wanabaki humo jike akitaga. Mkubwa yuko mlangoni anamwaga mbegu kwa nje, kibeti yuko chumbani. Michael Taborsky na wenzake wamewasoma hawa miaka na miaka na ilikuja kuonekana kwamba ukibeti huo mtoto wa kiume anaurithi kwa baba yake. Kibeti anazaa kibeti. Magamba yakiokotwa au yakifukiwa na matope ya mito, wote watatu, mkubwa, jike na kibeti, hawana pa kuzalia.

Nimemuacha pono kwa mwisho kwa sababu yeye ndie anaenipa wasiwasi.

Pono, huyuhuyu tunaemsema kwa usingizi, asubuhi pale soko la samaki Deep Sea utamkuta wa rangi mbili. Kuna wa kahawia au wekunduwekundu, wadogo, na kuna wakubwa wa bluu na kijani wanaong'aa mpaka mteja anasimama. Wengi wanadhani ni samaki tofauti na hata bei wanazitenganisha. Kwenye jamii nyingi za pono ni samaki mmoja. Wa kahawia wengi ni majike, na jike akikua, hasa dume kubwa la eneo likiondoka, anabadilika anakuwa dume, anavaa bluu. Ila ndani ya wale wa kahawia, kama kwa dundu wa mjomba, wamo pia madume, madume toka utotoni, wamevaa nguo za jike. Dume la bluu linapanda juu na jike mmoja kumwaga mayai na mbegu, mara nyingi ukingoni mwa mwamba maji yakianza kutoka, na hapo dume wa kahawia anachomoka chini kwa kasi anaingia katikati yao kwenye ile sekunde, anamwaga, ameondoka. Wakati mwingine wanajikusanya kundi la wa kahawia watupu, wengi kwa jike mmoja, hakuna wa bluu hapo.

Sasa wavuvi wetu wanataka wa bluu, na mwenye bunduki ya kuzamia anamwona wa bluu kwanza. Pale ambapo wakubwa wanavuliwa kupita kiasi imeonekana majike wanabadilika kuwa madume wakiwa bado wadogo, na jike mdogo anaewahi kuwa dume ni mayai ambayo hayatatagwa. Njia ya pembeni ya wale wa kahawia inasaidia, mayai yanaendelea kurutubishwa, ila inategemea majike wawepo wa kutosha, na dema lenye matundu madogo halichagui. Mwamba nao unahitaji pono wa ukubwa wote, ndio anaekwangua mwani usiyafunike matumbawe, na miamba yetu imeshateswa vya kutosha na baruti miaka ile.

Nilimuuliza mzee mmoja pale sokoni kama wale wa bluu wa sasa wanalingana na wa ujana wake. Akanyoosha mkono akashika juu ya kiwiko, akasema, "Mwanangu, wa zamani walikuwa wanaishia hapa," afu akashusha kidole mpaka kwenye kifundo cha mkono. Neno la mtu mmoja sio utafiti, naelewa, ndio maana nataka maneno ya wengi. Kama wewe ni mvuvi au una ndugu mvuvi Kigombe, Tongoni, Mwambani, Chongoleani, popote pwani hii, niandikie wale pono wa bluu unawapata kina gani, kipindi gani cha bamvua, na mdogo kabisa wa bluu uliyewahi kumshika alikuwa na urefu gani. Piga picha ukiwa umeweka kiganja pembeni yake. Na ukimpasua wa kahawia angalia ndani kama ana mayai au ana zile mbegu nyeupe, uniambie na hilo.